Kiingereza cha Safu ya Nne

Projestus alikuwa Mhaya pekee jijini Dar es Salaam asiyejua Kiingereza. Ndivyo walivyosema majirani wa duka pale Manzese, na yeye mwenyewe hakuwa na ushahidi wa kuwapinga. Watu wa kwao Bukoba wanasifika kwa kuchanganya Kiingereza hata wakiomba chumvi mezani. Projestus aliomba chumvi kwa Kiswahili na kushukuru kwa Kiswahili, na akiulizwa imekuwaje, alijibu kwamba siku Kiingereza kinagawiwa kule Kamachumu, yeye alikuwa ametumwa kuchota maji.

Alichokijua ni stoo. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa ameshika funguo za stoo ya Mzee Abdulhadi Muhdhar, muuza cherehani na vipuri vyake kando ya Barabara ya Morogoro. Stoo ilikuwa na safu saba za shelfu, na katika safu hizo maboksi elfu moja mia moja na arobaini. Hakuna boksi lililoandikwa kitu. Mzee Abdulhadi hakuwa mtu wa kuandika, na Projestus hakuona sababu ya kuandika jambo analolijua. Fundi akija na kipande cha chuma kilichovunjika, Projestus alikipokea, akakigeuza mara mbili, akasema "ngoja," akaingia ndani, na kabla fundi hajamaliza kusalimiana na watu wa dukani alikuwa amerudi na kizima chake.

Funguo zenyewe zilikuwa mbili, ya kufuli la juu na ya kufuli la chini, nazo alizivaa shingoni kwa kamba ya kiatu. Mkewe, Anastasia, alipenda kuwaambia wageni kwamba pete ya ndoa mumewe ameshaisahau bafuni mara tano, lakini ile kamba hajawahi kuivua hata akioga.

Mambo yalibadilika pale Mzee Abdulhadi alipoanza kusumbuliwa na magoti na kumwachia duka binti yake, Huda. Projestus alimjua Huda tangu anavaa sare ya shule, na Huda alimwita ami, kama vile angekuwa ndugu wa baba yake. Alikuwa binti mwepesi wa kufikiri na mpole wa kusema. Katika mwaka wake wa kwanza alileta kompyuta, akamleta na kijana wa kuitumia, Brightson, aliyetoka chuo kikuu na Kiingereza chake kizima. Halafu akapata uwakala wa kampuni moja ya Uingereza inayotengeneza vipuri.

Simu ya kwanza ya kampuni hiyo iliingia Huda akiwa ametoka na Brightson yuko kwenye chakula. Aliipokea Projestus. Aliyepiga alikuwa mama mmoja aitwaye Anna, mtunza stoo wa huko, na aliongea kama dakika nne.

Kilichomuuma Projestus baadaye si kwamba maneno yalikuwa magumu. Majina marefu ya vipuri, yale ambayo hata wasomi huyakwepa, aliyajua siku nyingi kutoka kwenye katalogi. Yaliyomwangusha ni yale madogo: run, out, hold, on, look, up, get, back. Yote ya shule ya msingi, yote anayajua, moja moja. Lakini yule mama aliyafunga mawili mawili, na yakifungwa hivyo yakawa watu wengine kabisa. Projestus alimwona kichwani mwake akikimbia nje, akishikilia kitu, akitazama juu, akirudi nyuma. Akamhurumia kwa shughuli zote hizo. Na kwa kuwa alilelewa kwa adabu, kila mama wa watu alipotulia kuvuta pumzi, yeye alimjibu, "Yes."

Alisema Yes kumi na moja. Alizihesabu.

Wiki sita baadaye zikaja pedeli mia tatu, za aina ya cherehani ambayo hakuna fundi yeyote wa Manzese aliyewahi kuigusa. Zikapangwa mwisho wa safu ya nne, kutoka sakafuni hadi karibu na dari, zikafunika ukuta mzima. Huda alikuja kuziangalia.

"Ami, hizi ni nini?"

"Pedeli."

"Naziona. Za nini?"

"Za Yes," akasema Projestus.

Huda alicheka mpaka akaketi juu ya boksi. Baada ya kucheka alipiga simu kwa Anna, akaelezwa yote. Kampuni ilikuwa imeishiwa sindano namba kumi na nne zilizoagizwa. Anna aliuliza kama angojewe, kama atafute kwenye orodha kitu kingine, kama alete pedeli badala yake, na kama idadi hiyo inafaa. Yote yalifaa.

"Sasa ami, nikwambie ukweli, na usinielewe vibaya," Huda alisema, na alipoanza hivyo Projestus alijua kwamba hacheki tena. "Kampuni inataka anayeshika stoo awe mtu wanayeweza kuongea naye wenyewe. Anna atapiga simu ya video baada ya Idi, akuhoji. Mkielewana, mambo yanabaki kama yalivyo. Msipoelewana, funguo itabidi azishike Brightson. Wewe utakuwepo palepale, mshahara uleule. Ila funguo atashika yeye."

Projestus aliigusa kamba ya kiatu. Hakumchukia Brightson. Ni kijana anayeamkia watu, anayekunywa chai bila kupuliza kwa kelele. Tatizo lake moja tu, alikuwa hawezi kutofautisha springi ya cherehani ya mkono na springi ya kalamu.

"Baada ya Idi ni lini?" akauliza.

"Miezi miwili na nusu."

"Basi nitajifunza."

"Kiingereza chote?"

"Hapana. Yale madogo tu."

Huda akamchapia kwenye kompyuta orodha ya kurasa tisa, vitenzi vifupi na vijineno vyake mgongoni, vile vinavyotumika kila siku. Put off. Give up. Break down. Turn down. Look after. Projestus alivitazama kama mtu anayetazama skrubu mia tatu zilizomwagwa kwenye sinia moja.

Wiki ya kwanza alijaribu kuvikariri kwa kufuata orodha, akashindwa. Alivisoma asubuhi kwenye baraza la duka, akinywa chai kwa Tusajigwe, mama wa Kinyakyusa aliyekuwa na meza ya chai na chapati pembeni ya mlango.

"Tatizo havina akili," Projestus alimwambia. "Angalia hiki. Put ni kuweka. Off ni kuzima. Ukiviunganisha, eti ni kuahirisha. Nani kaweka, nani kazima?"

Tusajigwe aligeuza chapati. "Na sie tunapiga pasi. Pasi imekosa nini?"

"Hiyo ni tofauti."

"Tunapiga mswaki, tunapiga deki, tunapiga simu, tunapiga picha. Kwa Kiswahili mtu anashinda anapiga kutwa nzima na polisi hawaji. Waache na wao wapige vya kwao."

Projestus aliinamia kikombe. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na mbili, na alipiga pasi shati lake kila Jumapili bila kujiuliza swali hata moja. Akakubali kwamba vitu hivyo havitaki kueleweka. Vinataka kuwekwa mahali pake, kila kimoja na boksi lake. Na wazo la boksi lilipompita kichwani, likasimama.

Siku hiyohiyo alikata karatasi vipande vidogo vya ukubwa wa tiketi. Kwenye kila kipande aliandika kitenzi kimoja, akakibandika kwenye boksi lenye sababu nacho. Run out alikibandika safu ya kwanza, kwenye boksi la sindano namba kumi na nne, kwa kuwa ndizo zinazoisha kila Januari mafundi wakishona sare za shule. Break down kikaenda kwenye mikanda ya mota. Give up alikiweka juu kabisa safu ya saba, kwenye vipuri vya cherehani moja ya zamani ambayo hakuna aliyeiulizia kwa miaka kumi. Look after kilikaa kwenye kishelfu kidogo ambako Mzee Abdulhadi huweka kofia yake na miwani. Put off alikitafakari kwa siku mbili, halafu akakibandika kwenye ngazi mbovu ambayo kila mwezi alisema ataitengeneza. Na send back, maana yake kurudisha, hakuhitaji kukitafutia nyumba. Alikwenda mwisho wa safu ya nne akakibandika kwenye pedeli.

Njia ikafanya kazi mno. Kila alipoingia kuchukua kipuri alipita mbele ya vitenzi kumi, akavisalimia kwa jina. Kufikia mwezi wa pili alikuwa na vipande mia moja thelathini na saba, na Brightson, aliyejitolea kumsikiliza wakati wa mapumziko, alistaajabu.

"Turn down?"

Projestus aligeuka kushoto, akapiga hatua nne, akainua mkono kama anayefikia shelfu. "Kukataa. Mtu amekuomba kitu, umekikataa."

"Find out?"

Akarudi nyuma, akainama. "Kugundua. Kupata kujua."

"Mzee uko vizuri! Ila mbona unatembea?"

"Naenda kukichukua."

"Huwezi kunijibu umesimama?"

Projestus alijaribu kusimama. Brightson alimtajia kitenzi rahisi kabisa, kile cha kuendelea na jambo. Projestus akakaza miguu. Jasho likamtoka. Kitenzi alikiona kwa mbali, safu ya tano, pembeni ya dirisha, lakini akiwa amesimama pale kaunta hakuweza kukifikia kama vile mikono yake ni mifupi. Mguu wa kulia ukajichomoa wenyewe, na jibu likaja.

"Ni sawa tu," Brightson alisema kwa huruma. "Kila mtu na staili yake."

Nyumbani Segerea hali ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu sebule yao haikuwa na safu saba. Jumapili moja alasiri Anastasia alitoka jikoni akamkuta mumewe amesimama uso ukutani, nyuma ya friji, mkono mmoja juu.

"Baba Koku, umepoteza nini?"

"Natafuta 'kuahirisha'."

"Iko wapi?"

"Manzese. Kwenye ngazi."

Anastasia alimtazama kwa makini, kisha akampigia simu binti yao, Kokuberwa, aliyekuwa anafundisha Dodoma. Projestus aliyasikia mazungumzo yote: baba yako mzima, anakula vizuri, ila anakitafuta Kiingereza nyuma ya friji. Kokuberwa alicheka hadi akasikika jikoni. "Mwambie aangalie na ndani," alisema.

Mwisho wa Ramadhani ulipokaribia, Projestus aliona kwamba amebakiza jambo moja tu, utulivu. Kila mwaka, kabla ya Idi, familia ya Muhdhar ilisafisha duka na stoo. Kila boksi lilishushwa, likafutwa vumbi, likarudishwa mahali pake, naye ndiye aliyesimamia. Safari hii alimwomba Huda siku tano za likizo, akasome nyumbani, na stoo ifunguliwe kwa funguo za akiba za Mzee Abdulhadi. Huda alikubali haraka kuliko alivyotarajia.

"Tena umefanya la maana, ami. Nenda ukapumzike. Ukirudi utafurahi."

Lile la mwisho angepaswa kuliuliza. Baadaye alijiambia kwamba mtu aliyekwishapata pedeli mia tatu kwa kutouliza alipaswa kuwa amejifunza.

Alirudi Ijumaa baada ya Idi, amebeba embe kwa ajili ya Mzee Abdulhadi. Alifungua kufuli la juu, akafungua la chini, akawasha taa, akadhani ameingia duka la jirani.

Kuta zilikuwa nyeupe. Shelfu zilipakwa rangi ya kijivu. Kila boksi lilikuwa jipya, la plastiki, lenye namba iliyochapwa, na namba zilifuatana kutoka mlangoni hadi mwisho, kwa mpangilio wa kampuni ya Uingereza. Ngazi mbovu haikuwepo. Palikuwa na mpya, ya bati. Sindano hazikuwa safu ya kwanza. Mikanda haikuwa popote alipotazama. Alitembea polepole hadi safu ya kwanza akafungua boksi lililokaa mahali alipozoea kutolea sindano, akakutana na vishikio vya taa.

"Mzee, shikamoo!" Brightson alikuwa nyuma yake, anang'aa kwa furaha. "Umeionaje? Dada Huda alitaka iwe sapraizi. Siku nne hatujalala! Ukitaka kitu, unaandika namba kwenye kompyuta, inakuambia kilipo."

"Marahaba," alisema Projestus. "Ni safi sana."

"Na usiwe na wasi, karatasi zako zote nimezitunza. Hata moja haijapotea." Akamkabidhi bahasha ya kaki. Ndani yake vipande mia moja thelathini na kitu, vimechanganyika kama mchele na maharage.

Projestus aliketi kwenye kigoda cha Tusajigwe, nje, bahasha mapajani. Alijaribu kukasirika, kwa kuwa hali ilikuwa inastahili, lakini hasira haikupata mtu wa kumwangukia. Huda alitaka kumfurahisha. Brightson alifanya kazi nzuri. Mtunza stoo yeyote mwenye haki angeuona uzuri wake. Aliyebaki ni mmoja tu, mzee mzima aliyepewa miezi miwili na nusu ajifunze Kiingereza akakiweka kwenye maboksi ya watu.

"Mbona kimya?" Tusajigwe aliuliza.

"Wamehamisha Kiingereza changu."

"Wamekipeleka wapi?"

Akamwonyesha bahasha. Tusajigwe akaipima kwa mkono. "Chepesi hivi? Mie nilidhani ni kikubwa."

Simu ilikuwa Jumatatu, saa tisa alasiri. Siku zote mbili Projestus alijaribu kubandika upya, bila kuvuka safu ya tatu, lakini kila kitenzi alichokipeleka nyumba mpya kilirudi kwao. Alisema run out, na miguu ikaenda safu ya kwanza, kwenye sindano ambazo hazipo. Jumatatu yenyewe alivaa shati aliloanza kulipiga pasi alfajiri. Mzee Abdulhadi aliletwa kwa teksi, akawekwa kwenye kiti chake na fimbo yake.

"Mhaya wangu," akamwambia, "leo uwatoe aibu watu wa Bukoba."

"Nitajitahidi, mzee. Wenyewe wameshakata tamaa."

Huda aliisimamisha simu kwenye kaunta ya stoo, ikiegemea pakiti ya nyuzi. Anna akatokea: mama wa makamo, nywele fupi za mvi, miwani imening'inia shingoni kwa kamba. Projestus aliitazama ile kamba. Pembeni ya miwani zilining'inia funguo mbili. Akajisikia nafuu kidogo.

Walisalimiana. Kisha Anna akauliza swali la kwanza, na ndani yake, wazi kabisa, kilikuwemo run out.

Miguu ya Projestus iliondoka. Alipita mbele ya simu akaelekea safu ya kwanza, akakuta boksi lenye namba ndefu, akasimama. Kitenzi hakikuwepo. Akaenda safu ya pili. Simu ilibaki inatazama shelfu tu, na sauti ya Anna ikasikika ikiuliza kama bado yupo. Huda alifumba macho. Brightson, aliyekuwa mlangoni, akasogea kutaka kumsaidia.

Projestus alikuwa safu ya nne, amekwenda huko kwa kuwa miguu haikuwa na pengine pa kwenda, na mwisho wa safu ya nne aliziona. Pedeli. Mia tatu, kutoka sakafuni hadi karibu na dari, palepale zilipokuwa. Kampuni haikuzipa nafasi katika mpangilio mpya, na hakuna aliyekuwa na mgongo wa kuzihamisha. Walipaka rangi ukuta wakaziruka. Kwenye pedeli ya katikati kipande chake cha karatasi kilikuwa bado kimebandikwa, kimedondokewa na tone la rangi nyeupe.

Akageuka akaziegemea. Na akiwa ameegemea hapo, mgongo wake ukiwa na uhakika kwamba hapa ni mwisho wa safu ya nne, stoo ya zamani ikajipanga upya mbele yake, boksi kwa boksi, vumbi lake na yote. Mlango kule. Sindano kushoto kwake. Ngazi mbovu pale.

"Huda," aliita, "niletee simu huku."

Huda alikimbia nayo. Projestus aliishika kwa mkono mmoja, mgongo kwenye pedeli, akanyoosha mkono wa pili kuelekea safu ya kwanza, mahali ambapo sasa palikuwa na vishikio vya taa.

"Needles," alimwambia Anna. "Number fourteen. We run out every January. School uniform."

Anna aliandika. Akauliza cherehani ya mteja ikiharibika yeye huanza kuangalia nini. Break down, mkono ukaelekea safu ya sita. Projestus akamwambia kwa Kiingereza kidogo kidogo kwamba kwanza anamuuliza fundi mara ya mwisho alitia mafuta lini, na fundi akitazama pembeni, basi hakuna haja ya kuifungua. Anna alicheka, akaandika tena. Swali la tatu, la nne. Mkono wa Projestus ulikwenda juu, chini, kulia, kama askari wa usalama barabarani.

La tano likaja na turn down, na mkono ukaganda. Kilikuwa safu ya pili au ya tatu? Aliona shelfu, hakuona boksi. Yes ilikuwa imeshafika kwenye ulimi, na ilikuwa tamu, na ingemaliza shida yote.

Alihisi pedeli mgongoni.

"Please wait," akasema. "I know this word. I am looking for it."

Anna aliinamia skrini. Alimuuliza, taratibu, maneno yake huwa anayaweka wapi.

Projestus alimtazama Huda, kisha Brightson, akaona kwamba ukweli hauwezi kumfanya mjinga zaidi ya alivyo sasa, ameegemea ukuta wa pedeli na shati lake jeupe. Akamwambia. Kwamba maneno aliyaweka kwenye maboksi, na maboksi yamehamishwa, na ni vizuri yamehamishwa, lakini maneno hayajui. Akamgeuzia simu akamwonyesha pedeli, na kipande cha karatasi.

"These, I said yes," akamwambia. "I did not know what I said yes to. Now I know. Please, I want to send them back."

Anna alivua miwani akafuta macho. Projestus hakuweza kujua kama analia au anacheka, mpaka aliposikia sauti. Alikuwa anacheka, lakini si kama watu wanavyomcheka mtu. Alisema stoo yake mwenyewe ilipangwa upya miaka miwili iliyopita, na mpaka leo akitaka springi anakwenda dirishani, ambako sasa kuna mashine ya kahawa. Pedeli wazirudishe. Na kuhusu lile neno alilolitafuta, alimaanisha tu kama kuna vipuri ambavyo mafundi wamevikataa.

"Pedals," alisema Projestus papo hapo.

Anna aliomba kuongea na Huda. Huda aliichukua simu akasogea hatua mbili tu, na kwa kuwa stoo ni ndogo, kila mtu alisikia. Anna alisema mawakala wengine wote humwambia ndiyo, na yeye hukaa na hofu ya hizo ndiyo. Huyu amemwambia subiri. Funguo zibaki kwake. Halafu akamalizia: "He wanders about a bit, but he gets there."

Projestus alitabasamu. Alikuwa ametabasamu kwa muda ndipo alipogundua kwamba hakusogeza mguu wala mkono. Kile cha mwisho hakikuwa na boksi. Hakikuwemo kwenye kurasa tisa. Alikuwa amekielewa hivihivi, amesimama, kwamba anazurura kidogo lakini mwishowe anafika.

"Imekuwaje?" Mzee Abdulhadi aliuliza kutoka kwenye kiti, kwa sauti ya mtu anayeogopa jibu.

"Funguo zimebaki, baba," Huda alisema.

Tusajigwe, aliyekuwa ameacha chapati zake ziungue ili asikilize dirishani, alipiga kigelegele, na majirani wa duka wakaja kuuliza nani anaoa.

Katikati ya shangwe hiyo akaingia fundi mmoja wa Sinza aitwaye Erasmus, mteja wa miaka mingi, asiyejua lolote. Aliweka sindano iliyovunjika juu ya kaunta.

"Kaka Projestus, nipe namba kumi na nne kama hii. Fasta, nimeacha mteja dukani."

Projestus aliichukua, akaigeuza mara mbili. Alirekebisha ile kamba shingoni. "Ngoja," akasema, akaingia ndani kwa hatua za mtu mwenye stoo yake.

Alikaa humo kwa muda. Erasmus alimaliza kuwasalimia watu wote wa dukani, akaanza kuwasalimia mara ya pili. Ndipo sauti ikatoka safu ya kwanza, ya upole, ya mtu ambaye bila shaka ameshika kishikio cha taa.

"Brightson, mwanangu. Sindano zinakaaga wapi siku hizi?"